UZI: Profesa Frede Blaabjerg na boksi la sola ambalo hakuna anayelisifia

Waya Mbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mijadala ya sola humu ndani huwa inaishia kwenye paneli tu: wati ngapi, kioo kimoja au viwili, itadumu miaka mingapi. Paneli inastahili sifa zake, kuanzia ile seli ya silikoni ya Bell Labs ya mwaka 1954 iliyogeuza kama asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme, hadi za leo zinazopita asilimia 20. Lakini waulize mafundi ni kifaa gani wanaitiwa mara nyingi. Watakwambia inveta, boksi linalogeuza umeme wa DC (wa mwelekeo mmoja) wa paneli kuwa AC (unaogeukageuka) wa gridi. Paneli imetulia tu juani. Inveta ina transista zinazowaka na kuzima maelfu ya mara kila sekunde, mchana kutwa, ndani ya boksi lenye joto.

Wapo watu waliolifanya boksi hilo kazi ya maisha. Leo namleta mmoja: Frede Blaabjerg, profesa wa uhandisi wa umeme, Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark. Nimemchagua kwa sababu ukifuatilia kazi zake unaona maswali ya fani nzima yakihama. Kwanza watu waliuliza kama inveta itakubaliana na gridi. Baadaye wakauliza itaishi muda gani. Sasa wanauliza kama gridi yenyewe itasimama ikijaa inveta.

Nitaandika kwa vipande, msiniharakishe.


Kigoda

Nimeshavuta kiti. Ila mkuu usituletee wasifu wa kuombea kazi, tuletee kazi aliyofanya.


Waya Mbili

Wasifu naumaliza upesi basi. 1987 hadi 1988 alikuwa kampuni ya ABB-Scandia, mji wa Randers. 1988 akaenda Aalborg kusomea uzamivu, 1992 akaanza kufundisha pale pale, na 1998 akawa profesa kamili wa elektroniki za nguvu na uendeshaji wa mota. Hapo kwenye mota ndipo pa kutulia.

Denmark si nchi ya jua, kila mtu anajua. Ila ni nchi ya mota na upepo. Tangu 1968 kampuni ya Danfoss ilikuwa inatengeneza kwa wingi vifaa vya kubadili masafa ya umeme ili mota izunguke kwa kasi unayotaka. Fungua kifaa cha namna hiyo cha siku hizi: umeme wa gridi unageuzwa kuwa DC, unapumzika kidogo kwenye kapasita, kisha swichi sita za semikondakta zinaukatakata kuunda AC mpya yenye masafa unayoyataka wewe.

Sasa toa ile sehemu ya mbele, weka paneli mahali pa DC, na mahali pa mota weka gridi. Hiyo tayari ni inveta ya sola ya awamu tatu. Swichi ni zile zile sita, kapasita ni ile ile, na hesabu nyingi ni zile zile. Ndiyo maana watafiti wengi wa kizazi chake hawakuingia kwenye sola kwa mlango wa jua. Waliingia kwa mlango wa mota, wakapitia mitambo ya upepo, sola wakaikuta njiani.


Mama Volti

Kaka nimekuelewa, lakini umejifungia mwenyewe. Kama ni mota iliyogeuzwa tu, huyo profesa alikuwa anatafiti nini miaka yote hiyo? Si angenakili mchoro akalala?


Waya Mbili

Dada Mama Volti swali zuri, na jibu lake ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Mota ni mtiifu, inakula unachoilisha. Gridi haikutii hata kidogo. Wewe ndiye unayeifuata voltaji yake na masafa yake, ukichelewa kidogo tu mkondo unaharibika. Na paneli nayo ina tabia zake. Ukiivuta mkondo mwingi kupita kiasi voltaji inaporomoka, ukiivuta kidogo unaacha umeme juani. Kuna nukta moja ambapo voltaji ikizidishwa kwa mkondo inatoa nguvu kubwa kuliko popote, na nukta hiyo inahama kila wingu likipita na kila paneli ikipata joto. Kuisaka ndiko kunaitwa MPPT. Njia kongwe haina ufundi wa ajabu: sogeza voltaji kidogo, angalia nguvu, ikipanda endelea upande huo huo, ikishuka rudi.

Sasa ngoja niwaonyeshe sehemu inayoumiza kichwa kweli, inveta ndogo ya awamu moja.

Paneli inatoa nguvu iliyotulia, tuseme wati 3000 mfululizo. Gridi ya awamu moja haipokei mfululizo. Kwenye gridi ya 50 Hz nguvu inayoingia inapanda hadi wati 6000 kisha inashuka hadi sifuri, mara 100 kwa sekunde. Wastani ni 3000, sawa, lakini kila sehemu ndogo ya sekunde kuna umeme wa ziada unaotafuta pa kukaa, na muda mfupi baadaye kuna upungufu unaotakiwa kujazwa. Anayebeba tofauti hiyo ni kapasita ya kwenye basi la DC, yaani ile njia ya ndani inayobeba umeme wa DC.

Piga hesabu. Basi la volti 400, tunaruhusu voltaji icheze kwa volti 20 kutoka chini hadi juu. Gawanya 3000 kwa 314 (hiyo ni masafa kwa radiani), kisha kwa 400, kisha kwa 20. Unapata kama mikrofaradi 1200. Kwa ukubwa huo na voltaji hiyo, kapasita ya bei nafuu ni ya elektroliti, yenye majimaji ndani. Na hiyo kapasita, kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka umri wake unapungua nusu.

Mwaka 2005 Blaabjerg akiwa na wenzake Kjær na Pedersen walitoa makala ya kupitia inveta za awamu moja zinazounganishwa na gridi. Ukiisoma leo bado ina makali. Walipanga saketi zilizokuwapo, wakaonyesha jinsi fani ilivyotoka kwenye inveta moja kubwa ya paneli zote, ikaja inveta ya kila mnyororo wa paneli, na ikawa inaelekea inveta ndogo ya paneli moja moja. Na wakaiweka wazi kapasita ya elektroliti kuwa ndiyo inayokata umri wa kifaa. Kuna kipimo kimoja mle nakipenda: ukitaka paneli itumike kwa asilimia 98 ya uwezo wake, mchezo wa voltaji kwenye paneli usizidi asilimia 8.5. Yaani unajua kabisa kapasita yako inatakiwa iwe kubwa kiasi gani, hakuna kubahatisha.


Mzee wa Transfoma

Kijana, niongezee hapo. Inveta za zamani zilikuwa na transfoma ya chuma, nzito kweli kweli. Ilitenganisha paneli na gridi, basi ukawa salama. Walipoiondoa ili kupunguza uzito na upotevu, likaja tatizo la mkondo unaovuja. Paneli ina uso mkubwa na fremu imeunganishwa na ardhi, kwa hiyo yenyewe inafanya kama kapasita kubwa. Swichi zikicheza vibaya, mkondo unapita ardhini. Wajerumani ndio waliotia akili hapo: taasisi ya utafiti ya Fraunhofer ISE na saketi yao ya HERIC, kampuni ya inveta ya SMA na saketi ya H5. Swichi moja au mbili za ziada zinazoitenga paneli na gridi kwa muda mfupi ndani ya kila mzunguko. Ufanisi ukafika asilimia 98.

Na ukitaja SMA, mtaje Profesa Werner Kleinkauf wa Kassel. Yeye na wahandisi vijana waliotoka mikononi mwake walianzisha kampuni hiyo mwaka 1981, wakati wengi waliona sola ni mchezo wa maabara. Mimi binafsi nampa heshima kuliko huyu wa makala. Yule aliweka boksi ukutani.


Waya Mbili

Shikamoo mzee. Nakubali kuhusu Kleinkauf, kazi yake inastahili uzi wake. Ila hizo njia mbili sizipimi kwa mzani mmoja. Kampuni inaficha inachojua, ndiyo biashara yake. Mtu anayepanga maarifa ya fani na kuyaweka hadharani anawasaidia hata washindani wa hiyo kampuni. Vyote vinahitajika.


Kigoda

Mimi nina jambo linanikera. Nimeangalia mtandaoni, jamaa ana makala za majarida zaidi ya 600! Mtu mmoja? Anakula saa ngapi? Hapa si kuna wanafunzi wanafanya kazi na bosi anaweka jina?


Waya Mbili

Nilijua itakuja hiyo. Sikufichi: namba kama hiyo si ya mtu mmoja mezani na kalamu, ni ya kundi kubwa la utafiti. Kwenye uhandisi jina la kiongozi wa kundi mara nyingi linakaa mwishoni, na maana yake ni kwamba aliuliza swali, akatafuta fedha, akasoma rasimu, akasema hii irudiwe. Je, hilo linatosha kuitwa mwandishi? Fani nyingi zinabishana mpaka kesho. Mimi namba ya makala hainishtui wala hainivutii. Tuzo pia nazitaja mara moja tu: Newell ya IEEE (chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme) 2014, Global Energy 2019, nishani ya Edison ya IEEE 2020. Imetosha.

Kinachonivutia ni kwamba alihariri jarida kuu la elektroniki za nguvu la IEEE kuanzia 2006 hadi 2012. Mhariri anaona kila kinachokataliwa. Anaona watu mia wanashindana kuongeza nusu ya asilimia ya ufanisi huku hakuna anayeuliza kifaa kitakufa lini. Sijui kama ni hapo wazo lilipomjia, ila ni miaka hiyo hiyo kundi la Aalborg liligeuza usukani kuelekea uimara.


Binti Saketi

Hapo kwenye uimara nifafanulie. Watengenezaji wote wanaandika inveta itadumu miaka kadhaa. Wanajuaje?


Waya Mbili

Njia ya zamani ilikuwa kitabu cha jeshi la Marekani chenye majedwali: kapasita hii ina kiwango hiki cha kuharibika, transista hii kiwango kile, jumlisha, geuza, unapata saa za wastani kabla ya hitilafu. Rahisi, na kwa elektroniki za nguvu inadanganya sana. Inachukulia kwamba kifaa kinakufa kwa bahati mbaya, wakati ukweli kinachoka.

Kinachokaje? Tazama moduli ya IGBT, ile swichi kubwa. Juu ya kipande cha silikoni kuna nyaya nyembamba za alumini zilizobanwa. Alumini inatanuka kwa joto kama sehemu 23 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Silikoni haifiki hata 3. Jua likitoka, swichi inapata joto, alumini inataka kutanuka, silikoni inaikatalia. Wingu likipita, zinapoa, zinavutana upande wa pili. Siku moja yenye mawingu ya kupitapita inaweza kuzizungusha hivyo mara nyingi sana. Ufa mdogo unaanza pale waya uliposhikiliwa, unatembea polepole, mwisho waya unabanduka. Ukibanduka mmoja, mkondo wake unahamia kwa waliobaki, nao wanapata joto zaidi, na mwisho unakuwa karibu.

Kwa hiyo kundi la Aalborg walisema: acheni jedwali. Chukua rekodi ya jua na joto la mahali kifaa kitakapofanya kazi, mwaka mzima. Ipitishe kwenye modeli ya paneli upate nguvu, nguvu ikupe upotevu kwenye swichi, upotevu ukupe joto la silikoni, joto likupe idadi na ukubwa wa mizunguko, na mizunguko ikupe uchakavu. Wamefanya hivyo kwa inveta ile ile wakiiweka kwenye hali ya hewa ya Denmark na ya Arizona, na kama unavyotarajia, Arizona inaichosha zaidi. Maana yake ni kwamba swali la "inveta hii inadumu miaka mingapi" halina jibu mpaka useme inadumu wapi.


Mzee wa Transfoma

Hili nalikubali bila ubishi. Nimefungua boksi nyingi. Zilizopigwa na jua moja kwa moja ukutani, kapasita zimevimba vichwa. Zilizo kivulini zenye hewa, za umri ule ule, ziko safi.


Mama Volti

Na ile hadithi ya kwamba inveta ndogo sana sasa zipo? Niliona Google walitoa zawadi.


Waya Mbili

Little Box Challenge. Ilitangazwa 2014, Google pamoja na chama cha elektroniki za nguvu cha IEEE, zawadi dola milioni moja. Masharti: kilowati 2, angalau wati 50 kwa kila inchi ya ujazo, jaribio la saa 100. Timu ya CE+T ya Ubelgiji ilishinda 2016 ikiwa na kama wati 143 kwa inchi ya ujazo, yaani kifaa kizima karibu theluthi ya ujazo ulioruhusiwa. Walitumia transista za nitridi ya galiamu, na ile shida yetu ya nguvu inayopanda na kushuka waliitatua kwa saketi hai inayosukuma umeme ndani na nje ya kapasita ndogo kwa voltaji inayobadilika sana, badala ya kapasita kubwa iliyotulia.

Maoni yangu? Ilikuwa maonyesho mazuri ya ufundi, lakini saa 100 si miaka. Swali la Binti Saketi pale juu lilibaki pale pale.


Zamu ya Usiku

Naomba kuingia, mimi niko upande wa uendeshaji wa gridi. Mnazungumzia inveta moja moja. Sisi tunaogopa zikiwa nyingi.

Mfano wa wazi ni California, 16 Agosti 2016, moto wa Blue Cut. Moshi na moto chini ya njia kubwa za umeme ukasababisha hitilafu, voltaji ikayumba kwa muda mfupi sana. Gridi ilijiokoa yenyewe kama kawaida. Lakini karibu megawati 1200 za sola zilipotea kwa pamoja. Uchunguzi ulionyesha kwamba kama megawati 700 zilizima kwa sababu inveta ziliona masafa yameshuka chini ya 57 Hz. Hayakushuka hata kidogo! Wimbi liliharibika umbo kwa muda mfupi, programu ikapima vibaya, ikajitoa kwa "usalama". Nyingi zilizobaki zilinyamaza kwa sababu ya voltaji kuwa chini.

Na Ujerumani kabla ya hapo walikuwa na lao. Inveta zilipangwa zote zijitoe masafa yakifika 50.2 Hz. Zikiwa chache, hakuna neno. Zilipokuwa gigawati kadhaa, ilikuwa na maana kwamba masafa yakipanda kidogo tu siku ya jua kali, sehemu kubwa ya umeme wa nchi inatoweka papo hapo. Mwaka 2012 ikabidi watunge kanuni ya kurekebisha mitambo iliyokwisha kufungwa.


Waya Mbili

Asante sana mkuu, umenirahisishia kipande cha mwisho.

Hapo ndipo kazi ya Blaabjerg ilipo kwa miaka ya karibuni, hasa tangu 2017 alipopata ufadhili mkubwa wa mfuko wa Villum. Inveta nyingi hadi leo zinafuata gridi: zinasoma wimbi, zinajipanga nalo, zinasukuma mkondo. Mle ndani kuna kitanzi cha kufunga awamu, yaani udhibiti unaolifuatilia wimbi la gridi ili inveta iende nalo sambamba. Gridi ikiwa imara, kitanzi kinatulia. Gridi ikiwa dhaifu, mkondo wa inveta wenyewe unalisogeza wimbi ambalo inveta inalisoma, na inveta inaanza kufukuza kivuli chake. Yeye na Xiongfei Wang wameandika sana kuhusu mitetemo ya namna hiyo, ambapo kila inveta peke yake ni nzima lakini ukiziunganisha zinaimba. Unaweza kuwa na vifaa vyenye vyeti vyote na bado mfumo ukayumba.

Upande wa pili ni inveta inayounda gridi, inayoshika voltaji na masafa yenyewe bila kusubiri kuongozwa. Shida ni kwamba jenereta kubwa la chuma linaweza kutoa mkondo mara kadhaa ya kawaida yake wakati wa hitilafu. Transista haina ubavu huo. Ikizidishiwa kidogo tu juu ya kiwango chake lazima ijizuie, la sivyo inaungua. Kwa hiyo wakati gridi inapomhitaji zaidi, yeye ndiyo kwanza anajilinda.


Zamu ya Usiku

Hicho ndicho kinachotukosesha usingizi. Relei zetu, vile vifaa vinavyogundua hitilafu na kukata umeme, zimezoea mkondo mkubwa wa hitilafu. Ukiwa mdogo, relei haioni kitu.


Binti Saketi

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Nikitaka kufuata njia hii nianzie wapi? Naona watu wanakimbilia kusoma akili bandia.


Waya Mbili

Dada, soma nadharia ya udhibiti mpaka ikuchoshe, halafu soma joto. Wahandisi wa umeme wanaidharau sana hesabu ya joto, na umeona mwenyewe kwamba uimara wote uko pale. Kisha jenga kibadilishi kidogo cha kushusha voltaji, volti 12 kwenda 5, transista moja, dayodi, koili, kapasita. Weka osiloskopu kwenye swichi. Utaona wimbi linaruka na kutetemeka pembeni kwa namna ambayo kwenye kompyuta halikuonekana. Tafuta sababu ya mtetemo huo mpaka uipate, ni mafunzo makubwa kuliko kusoma makala kumi.

Usianze na volti 400.


Mzee wa Transfoma

Narudia hilo kwa herufi kubwa: USIANZE NA VOLTI 400. Na ukifika huko, ukizima inveta usiifungue papo hapo. Ile kapasita mnayoisifu hapa inabaki na chaji. Subiri dakika zilizoandikwa kwenye kifuniko, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa. Na upande wa paneli haujazimika hata kama swichi ya gridi iko chini, jua likiwapo volti zipo.


Binti Saketi

Shikamoo mzee, nimeelewa. Mita ya kawaida inatosha au?


Mzee wa Transfoma

Marahaba. Soma kilichoandikwa kwenye mita yenyewe na kwenye nyaya zake. Minyororo ya paneli inafika volti 600, mingine 1000 na zaidi, DC. Mita ikiwa chini ya hapo iache kwenye droo.